Gari la Fahari na Gari la Watu

Wiki iliyopita, nje ya ukumbi wa mihadhara, wanafunzi waliizunguka Porsche 911 Turbo S ya mgeni wetu, kila mmoja akipiga picha. Hatua chache tu, chini ya mkungu, ilikuwapo Volkswagen ya mwaka 1962, ile yenye mgongo wa kobe, mali ya mwenzangu aliyestaafu. Hakuna aliyeitupia jicho.

Laiti wangelijua kwamba magari hayo ni ndugu! Ferdinand Porsche ndiye aliyelisanifu Volkswagen, na mwanawe alipoanza kuunda magari ya mbio yenye jina la ukoo, alitumia vipuri vya Volkswagen. Hadi leo 911 hubeba injini nyuma, kama nduguye mkubwa. Lakini mkubwa ana nguvu za farasi 34. Mdogo ana 650, hufikia kilomita 100 kwa saa katika sekunde 2.7, na huweza kwenda 330. Katika maeneo yetu ya makazi sheria inaruhusu 50. Nguvu zinazobaki zinanunuliwa kwa ajili ya nani, kama si watazamaji?

Sisemi haya kwa husuda (labda kidogo). Hoja yangu ni ujuzi. Injini ya Volkswagen hupozwa kwa hewa. Haina rejeta wala maji ya kuchemka mlimani. Imeshikizwa kwenye giaboksi kwa boliti nne, na fundi wa chini ya mwembe huishusha, huifungua, huielewa, kisha humfundisha kijana wake. Gari hili lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962, katika vumbi na matope ya nchi zetu. Porsche 911 ilijaribu mara kadhaa. Mwaka 1978 ilishika nafasi ya pili, na haikupata kuwa ya kwanza.

Gari la kisasa linapogoma, fundi yule yule hana la kufanya mpaka lipimwe kwa kompyuta, na kompyuta yenyewe husubiri idhini ya mtengenezaji ng'ambo. Mwenye gari amelipa mamilioni, lakini ufunguo wa maarifa hakukabidhiwa. Hali ndiyo hiyo kwa matrekta na mashine za hospitali, na hapo si suala la fahari tena.

Hata hivyo, tusilitakase gari la zamani. Tangi lake la petroli liko mbele, karibu na magoti ya abiria, na mifuko ya hewa halina. Asili yake pia ni chafu: utawala wa Hitler uliwachangisha Wajerumani zaidi ya 300,000 kwa stempu za kila wiki, wakiahidiwa gari, na hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa kwa mpango huo. Kiwanda kiligeuzwa kuwa cha vita, kikaendeshwa kwa jasho la watu waliolazimishwa. Jina "gari la watu" lilipata maana yake baadaye tu, watu walipoweza kweli kulinunua na kulitengeneza.

Jioni ile mgeni wetu aliaga. Kwenye tuta la lango kuu alisimama, akashuka, akainama kupima nafasi iliyobaki chini ya gari lake. Mwenzangu mstaafu, aliyekuwa nyuma yake, alizima injini akasubiri.