Kinachovuka kwa Siri Humnyang'anya Mkulima



Mkulima wa Maruku na mwenzake wa upande wa pili wa mpaka wa Mutukula hulima kwa namna moja: migomba kuizunguka nyumba, na mibuni kivulini mwa migomba. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvuka mpaka huo kwa silaha, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tangu mwaka 2010 itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imetupa ruhusa ya kuuvuka kwa bidhaa, na mwaka 2017 marais wa nchi zetu mbili walizindua kituo cha pamoja cha forodha pale Mutukula. Hayo ni matunda ya amani. Lakini amani isiyo na haki haidumu. Hivyo hatuna budi kuuliza: ni nini kinachovuka, kwa njia gani, na kwa faida ya nani?

Tuanze na kahawa. Sheria yetu inamtaka asafirishaye kahawa nje ya nchi awe na leseni, na wengi wa wakulima wetu hawanayo. Hata hivyo, kwa miaka mingi kahawa ya Kagera imevushwa usiku kwenda Uganda, ambako wanunuzi binafsi hulipa papo hapo, ilhali huku mkulima amezoea kungoja malipo ya chama. Mara nyingi anayeivusha siye aliyeilima. Mkulima aliyebanwa na karo, ugonjwa au msiba huiuza kwa butura ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu wetu huchuma juani, na kivulini anakula mwingine. Kisha doria inapopita, anayeitwa mhalifu ni yeye.

Si mazao peke yake yanayovuka. Mnyauko wa kahawa ulionekana Uganda mwaka 1993, na mwaka 1997 ukawa umefika Kagera. Mnyauko wa migomba uligunduliwa Uganda mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukaonekana wilayani Muleba. Bakteria wa mnyauko huo hubebwa na wadudu wanaotembelea ua dume, hubebwa na panga lililokata mgomba mgonjwa, na husafiri ndani ya chipukizi linaloonekana zima. Chipukizi lililonunuliwa njiani, pasipo mkaguzi kuliona, laweza kuangamiza chakula cha kijiji kizima.

Lakini mpaka huohuo umetuletea dawa pia. Watafiti wa Uganda, wakishirikiana na taasisi ya kimataifa ya IITA, walizalisha migomba chotara inayostahimili ugonjwa wa majani uitwao sigatoka nyeusi. Migomba hiyo ilijaribiwa hapa Maruku, na mwaka 2021 aina nne zikaidhinishwa Tanzania kwa jina la TARIBAN. Nasi hatuko mikono mitupu. Watafiti wetu wa kahawa wametoa mibuni ya robusta inayostahimili mnyauko, nayo ikapewa majina ya kwetu: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Jirani aliyetusaidia migomba anaweza kusaidiwa mibuni. Biashara ya namna hii, ya ujuzi kwa ujuzi, haimfukarishi yeyote.

Tazameni basi tofauti. Migomba hiyo ilivuka mchana, ikapimwa, ikaandikwa, ikampa mkulima nguvu. Kahawa ya butura na chipukizi lisilokaguliwa huvuka gizani, na hasara yote humwangukia mkulima. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo hatudai mpaka ufungwe. Twadai njia ya halali iwe na faida kwa mkulima kuliko ya panya.

Tunawaomba viongozi wa vyama vya ushirika wamlipe mkulima siku anayopima kahawa yake, na wabandike ukutani bei ya mnada pamoja na kila makato, ili hata bibi kizee ajue senti yake ilikokwenda. Kuwe na mikopo midogo ya msimu wa shida, maana butura haifi kwa kukatazwa tu. Tunaiomba serikali impe mkulima mdogo leseni nyepesi ya kuuza ng'ambo kupitia chama chake, na iweke wakaguzi wa mimea wa kutosha mpakani. Tunawaomba watafiti wafikishe miche bora vijijini kwa bei ambayo mjane mwenye kibanja kimoja anaimudu. Ujuzi unaobaki kituoni haujawa haki bado.

Nanyi wakulima wapendwa, msinunue chipukizi kwa msafiri msiyemjua. Kateni ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, na panga lipitisheni motoni kabla ya kuingia shamba jingine. Hudhurieni mikutano ya chama, dai hesabu, na msichoke kuuliza. Anayenyamaza wakati jasho lake linapopimwa kwa mizani ya uongo, huwaachia wanawe umaskini uwe urithi.