Eti Wasioona "Si Soko Letu"

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu hivi. Mvua imechangia, na stima ya Kapsoit ambayo huja na kuondoka inavyotaka. Lakini sababu kubwa ni kwamba nimekuwa nikiandika upya skripti niliyodhani nimeimaliza mwaka jana. Leo nina hasira kidogo, kwa hivyo mnivumilie.

Binamu yangu ni prodyuza. Ana chumba kimoja nyuma ya maduka, si mbali na barabara ya Kisumu, ametundika mablanketi ukutani, ana maikrofoni moja nzuri na laptopu moja mbaya. Haoni, na hajawahi kuona. Masikio yake ndiyo yanayofanya kwaya zitoke mpaka Sosiot na Litein kuja kurekodi kwake. Lori la majani chai likipita nje, atakuambia kama limebeba au ni tupu.

Shida yake ni programu. Ile inayotumiwa na karibu kila studio ninayoijua huku (sitaitaja, ugomvi wangu nayo ni wa nyumbani) ukiifungua huku programu ya kusoma skrini ikiwa kazini, utasikia neno moja: "dirisha". Bonyeza Tab. "Dirisha". Bonyeza tena. Kimya. Humo ndani mna miksa, mna kinanda, mna mamia ya vitufe. Kwa binamu ni ukuta mtupu.

Kwa wale ambao hawaandiki programu, nieleze kidogo, maana watu wengi hudhani kisoma skrini "kinatazama" skrini. La. Kinauliza. Kinaiuliza programu: hapa nilipo pana nini? Nayo inatakiwa kujibu mambo matatu: jina, aina na thamani. "Sauti ya traki ya tatu, kitelezi, asilimia 70." Basi. Windows imekuwa na njia rasmi ya kuuliza na kujibu hivyo tangu 1997. Ukitumia vitufe vya kawaida vya Windows, majibu hayo unayapata bila jasho. Lakini watengenezaji wa programu za muziki wanapenda kuchora vitufe vyao wenyewe, pikseli kwa pikseli, ving'ae kama redio ya matatu. Sawa, chora. Ila ukichora kitufe chako mwenyewe, kazi ya kukipa jina ni yako pia. Wao huchora wakaenda zao.

Na hapa ndipo damu yangu huchemka. Programu hiyo ina kipande kidogo juu ya dirisha ambapo, ukipitisha kipanya juu ya kitufe chochote, yanatokea maandishi: jina la kitufe na thamani yake. Yaani majina YAPO! Mtu alikaa akayaandika yote, moja baada ya jingine. Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama, lakini programu hii inamwambia mwenye macho peke yake. Kuyatoa maneno yale yale pale juu na kuyakabidhi kwa kisoma skrini si utafiti wa anga za juu. Ni kazi ya kuchosha, nakubali, ya wiki au miezi. Lakini ni ya kuchosha tu.

Basi nikafanya ambacho kila mmoja wetu angefanya. Niliandika skripti. Binamu anabonyeza mchanganyiko wa vitufe kwenye kibodi, skripti inapeleka kipanya mahali fulani kwenye skrini, inabofya, inasoma kile kipande cha maandishi kwa kutambua herufi kwenye picha, kisha inampa NVDA akiseme. (NVDA ni kisoma skrini cha bure, kilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, asiyeona mwenyewe. Sauti yake ya Kiswahili inaongea kama mtu aliyezibwa pua, na majina ya nyimbo za Kipsigis inayachinja vibaya, lakini inaongea.) Ilifanya kazi. Watu walinipongeza. Binamu akaanza kuniita Injinia mbele ya wateja.

Halafu toleo jipya likatoka, nami mwenyewe, kwa mikono yangu, nikalisakinisha jioni moja nikinywa chai. Safu moja ya vitufe ilisogea chini kidogo, labda upana wa kidole. Jumamosi kwaya ikaja, watu ishirini na kitu, walikuwa wamechanga nauli na kulipa nusu ya pesa. Waliimba saa nne. Binamu akabonyeza mchanganyiko wa kuhifadhi. Skripti ikabofya pale kitufe cha kuhifadhi KILIPOKUWA. Pale sasa palikuwa na kitu kingine. NVDA hakusema lolote, kwa sababu hakuna aliyemwambia kitu. Kazi yote ikapotea, na binamu akarudisha pesa za watu.

Sasa, nikisimulia kisa hiki, watu hunijibu mambo yale yale.

La kwanza: "Si ahamie REAPER?" Anayesema hivi anajua mambo, na nusu yake ni kweli. REAPER, ya Justin Frankel yule yule aliyetuletea Winamp, inaruhusu watu wa nje kuiongezea uwezo, na James Teh, mwandishi mwenza wa NVDA ambaye naye haoni, alianzisha nyongeza ya bure inayoitwa OSARA. Ukiiweka, REAPER inaongea: traki, sauti, mahali ulipo kwenye wimbo, vyote. Binamu anaitumia na anaipenda. Lakini vijana wanaotengeneza midundo hapa Kericho huja na flashi, na ndani ya flashi mna faili la ile programu nyingine. Halifunguki kwenye REAPER. Kazi hiyo inakwenda kwa studio ya mjini yenye mtu anayeona. Kumwambia "hama" ni kumwambia achague wateja wa kuwakosa.

La pili: "Muziki ni kitu cha kuona siku hizi, mawimbi, rangi..." Upuuzi. Hugh Tracey alipofika Kapkatet mwaka 1950 na kuwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha, mashine yake haikuwa na skrini. Mitambo ya zamani ilikuwa na vifundo. Kifundo hakihami usiku. Unakishika leo, kesho kiko pale pale. Sisi watu wa programu ndio tulioondoa kile ambacho mkono ungeweza kukijua, tukaweka picha mahali pake, tukaita maendeleo.

La tatu, nililojibiwa na kampuni yenyewe nilipowaandikia, kwa adabu ya hali ya juu: hawa ni wachache, si soko letu kwa sasa. Ableton Live ilitoka mara ya kwanza 2001, na ni toleo la 12, Machi 2024, ndilo lililoanza kuongea na visoma skrini. Miaka ishirini na mitatu! Lakini waliweza, na programu haikuwa mbaya kwa wanaoona. JUCE, maktaba ya kodi (ya kompyuta, si ya KRA) ambayo plagini nyingi hujengwa juu yake, iliongezewa uwezo huu katika toleo la 6.1, mwaka 2021. Surge XT, sintesaiza ya bure, inasomeka. Apple waliweka VoiceOver ndani ya Mac tangu 2005, na Logic inaendeshwa nayo. Kwa hivyo msiseme haiwezekani. Semeni hamtaki kutumia miezi hiyo. Angalau tutakuwa tunabishana juu ya jambo la kweli. Na wasioona watakuwaje soko kama mlango umefungwa? Huwezi kufunga duka halafu ukalalamika kwamba wateja hawaingii.

(Ndiyo, najua, studio nyingi huku zinatumia nakala za wizi. Mtu asiyelipa hana sauti kwa mwenye mali. Binamu alilipia yake. Nilikuwepo.)

Msidhani nawasema wageni tu. Mimi nilisoma sayansi ya kompyuta miaka minne na sikumbuki saa moja, MOJA, ambapo mhadhiri alitaja kisoma skrini. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kuvuka vikwazo vyake. KEBS walitoa kiwango cha bidhaa za kidijitali zinazofikika mwaka 2022. Nani kati yetu amekifungua? Wiki iliyopita nilizima skrini ya laptopu yangu na kujaribu kutumia programu niliyomwandikia mteja mwenyewe, ya kuhesabu kilo za majani chai. "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Picha." Niliona aibu. Kurekebisha kulinichukua siku moja na nusu.

Na wale wanaodhani asiyeona atapiga tambourini kanisani tu, teremkeni barabara hii hii mpaka Kibos, karibu na Kisumu, mkaulize kuhusu Reuben Kigame, aliyepita katika shule ya wasioona pale. Nyimbo zake huenda mnaziimba kila Jumapili.

Skripti mpya haibofyi tena kwa kubahatisha. Kabla ya kubofya inasoma kwanza maandishi ya kile kipande, na kama jina silo, inakataa na kupiga kengele. Ni ya polepole, inamkera binamu, na toleo lijalo linaweza kuivunja tena. Kwaya ile imekubali kurudi Jumamosi, safari hii kwa REAPER. Ile kampuni nimewatumia orodha ya vitufe vyao vyote visivyojibu vikiulizwa jina, kurasa kumi na moja, na mbele ya kila kimoja nimeandika jina ambalo wao wenyewe wamekipa pale juu ya dirisha. Wakijibu nitaliweka jibu hapa neno kwa neno.