Wastani wa lugha

Katika zoezi langu la kwanza la takwimu nilitakiwa kuuliza watu lugha wanayotumia nyumbani. Nikaenda kwetu Swima, nikauliza watu kumi. Kibembe nilikipa namba 1, Kiswahili 2, Kifuliiru 3. Sita, wawili, wawili. Nikajumlisha, nikagawa, nikapata 1.6. Shangazi alipoona daftari akaniuliza: "Sasa mwanangu, hii lugha ya moja nukta sita wanaisema kijiji gani?"

Hesabu ilikuwa sahihi. Kosa ni kwamba lugha ni data ya majina. Namba pale ni alama tu, kama ile iliyopakwa rangi ubavuni mwa mtumbwi. Unaweza kusema kundi lipi lina wengi, yaani modi, basi. Mitumbwi iliyoingia ziwani jana ni data ya kuhesabika. Uzito wa ndagala kwenye beseni ni data ya kupimika, una desimali.

Kwa maoni yangu, kinachotukwaza sisi wanafunzi wa lugha ni neno "wastani" lenyewe. Kwenye dodoso zetu linakaa kati ya "vizuri" na "dhaifu": fulani anasoma Kiswahili kwa wastani. Hiyo ni data ya ngazi, na hakuna aliyepima umbali wa ngazi moja hadi nyingine. Ukurasa unaofuata, wastani ni jumla iliyogawanywa kwa idadi! Tuseme wauza samaki watano wamepata franka 4,000, 4,000, 5,000, 7,000 na 80,000. Wastani ni 20,000, pesa ambayo hakuna hata mmoja aliyeishika. Thamani ya katikati, 5,000, inasema ukweli zaidi. Wastani ubaki na kazi hii ya kugawa; kwenye dodoso tuandike "kiasi".

Wengine wataniambia ni ugomvi wa maneno. Lakini tangu sensa ya 1984, nchi ikiitwa Zaire, idadi ya watu wetu inaishi kwa makadirio, na sampuli ndogo kama zetu ndizo zinazonukuliwa tasnifu hadi tasnifu.

Dodoso langu lilikuwa na nafasi ya lugha moja tu. Shangazi nilimwandika 2. Kibembe anachoongea na bibi kila asubuhi hakimo popote kwenye karatasi ile.