JEMADARI WA MEZANI NA FATWA YANGU YA HARAKA



Ndugu zangu katika imani, leo najirudi mbele yenu.

Mama mmoja aliyeko Uingereza alinitumia picha. Mwanawe wa miaka 17 anacheza mchezo wa vita vya mezani: vijisanamu vya askari, urefu wake kama sentimita tatu, vinapangwa jeshi kwa jeshi. Akauliza, je, inafaa? Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti, huku natia udhu wa Adhuhuri: "Haramu. Tupa." Akatupa. Kijana akaacha kumsemesha mama yake, na msikitini haendi tena.

Nilipozungumza na kijana mwenyewe ndipo nikajua kilichotupwa. Askari wa kawaida huwapaka rangi kumi kumi kwa pamoja. Jemadari hupewa usiku wake peke yake. Huoshwa kwa sabuni, hupigwa rangi ya kwanza, kisha tabaka nyembamba juu ya tabaka, mpaka mikunjo ya joho ionekane. Kitako chake huwa kikubwa kuliko vya wenzake. Hupakwa gundi, humwagiwa mchanga, hubandikwa vijani vikavu, ili ajulikane kwa mbali. Na jemadari huyo alikuwa nani? Salahuddin Ayyubi.

Sasa tuweke elimu mahali pake.

Hadithi za kukemea wanaotengeneza sura za viumbe wenye roho zimo katika Bukhari na Muslim, na wanazuoni wengi wamezuia sanamu zenye umbo kamili. Lakini zipo pia hadithi za wanasesere wa Bibi Aisha (R.A.), akiwemo farasi mwenye mabawa ya vitambaa, na Mtume (S.A.W.) alimwona naye akacheka. Ndiyo maana wanazuoni wengi wameruhusu vya watoto kuchezea. Je, kijana wa miaka 17 yuko upande gani? Hapo pana khilafu, na penye khilafu hatupi mtu jasho la mwenzake kwa ujumbe wa sekunde tano.

Hata hivyo, namhofia jemadari kuliko askari. Kumbukeni Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr. Ibn Abbas (R.A.) ameeleza kwamba hao walikuwa watu wema katika kaumu ya Nuhu (A.S.). Walipokufa, watu wakawasimamishia masanamu ili wawakumbuke. Elimu ilipopotea, yakaabudiwa. Shirki ile iliingia kwa mlango wa kumtukuza mtu mwema. Na kiongozi ndiye anayewekwa juu ya rafu, akapigwa na taa.

Msimamo wangu ni huu. Kijana wangu, achana na kuchora nyuso. Fundi mmoja alimwendea Ibn Abbas akasema riziki yake ni kazi ya mikono yake. Akaelekezwa kwenye miti na visivyo na roho. Mikono yako ina kazi tele: ngome, magofu, miti, na ule mchanga wa kitakoni. Kama umebakiwa na vijisanamu, visikae rafuni kama pambo. Suala la dadu linataka darsa lake, nitalileta inshaallah.

Na Salahuddin msome. Aliirudisha Quds mwaka 1187. Alipofariki Damascus mwaka 1193, hazina yake ilikutwa na dinari moja ya dhahabu na dirhamu 47 tu, kwa sababu mali aliigawa. Joho unaweza kulipaka rangi. Ukarimu ule utaupaka rangi gani?

Wazazi, keti na mwanao kwanza, akuonyeshe anachofanya na akueleze anakipendea nini. Kisha kataza au ruhusu. Ukianza na pipa la taka, hatokusikiliza tena hata ukimwita kwenye swala.

Nasi maimamu tusijibu tusichokielewa. Nimemwomba kijana radhi. Amenisamehe kwa ulimi. Moyo wake tumwombee kwa Allah.

Wallahu a'lam.