Kifuko Kikivimba, Maneno Huwa Mengi

Mtu akirudi Inyonga wilayani Mlele akiwa ametolewa utumbo mpana na kutengenezewa kifuko ndani, halafu mwaka mmoja au miwili baadaye akaanza tena kukimbilia chooni mchana na usiku, hukumu hutoka haraka: daktari alimkata vibaya. Naanza na neno hilo kwa sababu ndilo linalomfanya mgonjwa asirudi hospitali. Asiporudi, mengine yote tutakayoyasema hapa hayatamfaa kitu.

Upasuaji huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1978 na Alan Parks na John Nicholls wa hospitali ya St Mark's, London. Daktari anachukua mwisho wa utumbo mwembamba, siku hizi kwa kawaida anaukunja mfano wa herufi J, anaushona uwe kifuko, kisha anakiunganisha na njia ya haja kubwa ili mgonjwa asivae mfuko tumboni maisha yake yote. Hufanyiwa hasa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wenye kolaitisi ya vidonda, yaani utumbo mpana unaovimba na kutoa damu kwa sababu kinga ya mwili inaushambulia. Wa pili ni waliorithi ugonjwa wa kuota vinyama vingi ndani ya utumbo, vinyama ambavyo visipotolewa hugeuka saratani. Upasuaji ni uleule, mshono ni uleule. Lakini karibu nusu ya wenye kolaitisi hupata uvimbe wa kifuko angalau mara moja, wakati wale wa vinyama huupata kwa nadra. Kama kosa lingekuwa la mkono wa daktari, makundi haya mawili yangeumwa sawa. Kinachoonekana ni kwamba kinga ileile iliyokuwa ikigombana na utumbo mpana sasa inagombana na bakteria waliopata makazi mapya kwenye kifuko. Ni kweli, zipo nyakati ambapo sehemu iliyounganishwa hubana au mshono huvuja. Hilo nalo hujulikana kwa kupimwa tu.

Neno la pili lina nusu ya ukweli: "Meza Flagyl, itatulia." Uvimbe wa mara ya kwanza kweli hutibiwa kwa metronidazoli (ndiyo Flagyl) au siprofloksasini kwa takribani wiki mbili, na wengi hupata nafuu. Shida ni yule ambaye ugonjwa unarudi kila akiacha vidonge, au anamaliza wiki nne za dawa na hali ni ileile. Huyo tayari ana uvimbe sugu. Akiendelea kujinunulia dozi kwenye duka la dawa muhimu mwezi baada ya mwezi, metronidazoli inaweza kumletea ganzi miguuni, na siprofloksasini inaweza kuumiza kano za misuli. Tena huenda hata si kifuko kinachomharisha. Inaweza kuwa amiba. Inaweza kuwa bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye hustawi hasa pale antibayotiki zinapotumika ovyo. Inaweza kuwa diklofenaki anayomeza kwa ajili ya mgongo baada ya msimu wa kulima, maana dawa za maumivu za jamii hiyo huchokoza kifuko. Ndiyo maana choo hupimwa, na mpira mwembamba wenye kamera huingizwa kuangalia. Kifuko kilichovimba huwa na ukuta mwekundu uliolowa, ukiguswa kidogo unatoa damu, na mara nyingi una vidonda vidogo juu yake. Daktari hunyofoa vipande vidogo na kuvipeleka maabara. Pasipo hatua hiyo, kuzungumzia sindano za gharama za uvimbe sugu ni kuruka mto bila kuuona.

Sasa neno la asali, kwamba ukiinywa itaponya kifuko. Mlele ni nchi ya miombo na mizinga, na asali ya Inyonga ina jina lake. Siwezi kuidharau, na kwenye vidonda vya ngozi na vya moto imepimwa na kuonyesha faida. Lakini kidonda cha ngozi unakipaka. Asali uliyokunywa husagwa na sukari yake kufyonzwa sehemu za juu za utumbo mwembamba, mbali kabisa na kifuko kilichoko mwisho wa safari. Sukari isiyofyonzwa ikifika huko chini huvuta maji, na mtu huyu hana tena utumbo mpana wa kuyarudisha maji hayo mwilini. Kikombe kikubwa cha asali kinaweza kumwongezea kuhara. Anayeipenda na aitie kwenye chai yake kidogo. Asiache dawa kwa ajili yake.

Neno linalotisha zaidi ni kwamba sindano za kibayolojia, zile za gharama anazoweza kupewa mwenye uvimbe sugu, "zinaua kinga na kuleta TB". Hapa wanaotahadharisha hawasemi uongo, ila wanazichanganya aina mbili tofauti za dawa. Infliximabu na adalimumabu huzuia kemikali ya uvimbe iitwayo TNF mwili mzima, na kemikali hiyo ndiyo inayosaidia kuwafungia vijidudu vya kifua kikuu wasiamke. Tangu 2001 madaktari wamejua kwamba infliximabu inaweza kuamsha TB iliyolala. Tanzania iko miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa TB duniani, kwa hiyo hofu hiyo ni halali kabisa. Vedolizumabu hufanya kazi kwa njia nyingine: huzishika chembe nyeupe za damu kwenye alama zinazoziongoza kuelekea utumboni, zisiingie huko kwa wingi, na sehemu kubwa ya kinga ya mwili haiguswi. Bado mgonjwa hupimwa TB kabla ya kuanza, na homa ya ini B pia huangaliwa. Akikutwa na TB iliyolala, hupewa kwanza dawa za kuizuia. Kwa hiyo jibu la hofu ya TB ni kipimo. Kumnyima mgonjwa matibabu si jibu.

Upande wa pili wapo wanaosema dawa hizi zinaponya kabisa. Hao nao wanamuumiza mgonjwa, kwa kuwa atauza ng'ombe akitegemea muujiza. Utafiti mkubwa wa vedolizumabu kwa uvimbe sugu wa kifuko ulitangazwa mwaka 2023, baada ya Ulaya kuwa tayari imeidhinisha dawa hiyo kwa ugonjwa huu mwaka 2022. Ulikuwa na wagonjwa 102, na wote walipewa siprofloksasini wiki nne za mwanzo. Kufikia wiki ya 14, asilimia 31 ya waliopewa vedolizumabu walikuwa wametulia, dhidi ya asilimia 10 ya waliopewa dripu isiyo na dawa. Ni tofauti ya kweli, na kwa mtu aliyeshindwa kukaa ibadani au sokoni saa nzima ni tofauti kubwa mno. Lakini wengi bado hawakutulia. Daktari asiyemwambia mgonjwa hivyo kabla ya dripu ya kwanza hajamtendea haki.

Na gharama? Ni kubwa, na sitaipamba. Vedolizumabu hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, huja kama unga kwenye kichupa cha miligramu 300, huyeyushwa kwa kuzungushwa taratibu bila kutikiswa, huingizwa kwenye mililita 250 za maji ya chumvi na kutiririshwa kwa dakika 30. Mgonjwa hurudi wiki ya 2, ya 6, kisha kila baada ya wiki 8. Kazi hiyo si ya zahanati. Hata hivyo, kusema ni dawa za matajiri peke yao si sahihi tena: Shirika la Afya Duniani liliiweka adalimumabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na nakala za bei nafuu za infliximabu na adalimumabu zipo sokoni. Ushahidi wa dawa hizo mbili kwa kifuko ni mdogo kuliko wa vedolizumabu, ila ni mlango wa kuuliza.

Tangu barabara ya Tabora–Koga–Mpanda itiwe lami, safari ya rufaa imekuwa nyepesi. Mgonjwa asiende mikono mitupu. Abebe barua ya upasuaji, orodha ya antibayotiki zote alizomeza na tarehe zake, jina la kila dawa ya maumivu, na majibu ya choo, ya makohozi na picha ya kifua, na ya homa ya ini B, yale yatakayowezekana kupimwa kwenye hospitali ya wilaya. Karatasi hizo zitamwokolea wiki nyingi za kuanza upya mbele ya daktari asiyemfahamu.