Kusafiri peke yako hapana kula peke yako

Watu wengi wa kwetu Katanga, wakipewa safari ya inje, wanafanya hivi: wanajaza valizi na mampa, sardini na unga kidogo ya bukari. Wakifika kwa inchi ya wenyewe, wanajifunga mu chumba cha oteli na telefone, wanangoja siku ya kurudia. Feza ya misheni inabaki mu mufuko. Ukiwauliza waliona nini, wanakuelezea oteli. Mimi nasema hiyo haiko safari. Na zaidi kama umeenda Etiopia.

Nataja Etiopia juu ni mulango wetu. Ndege inatoka hapa Luano inaenda Addis Abeba. Wafanyabiashara na delege wa sendika wanapita kule wakienda Dubai ao China. Mimi nilibakia siku tano kisha mafunzo kuisha, peke yangu. Kifaransa hakikunisaidia mingi, na maandiko yao siwezi kusoma hata herufi moja. Lakini nilikula peke yangu mara moja tu.

Sababu iko mu sinia. Mukate wao, injera, ni mupana na mulaini. Unatoka kwa mbegu ndogo sana inaitwa teff, na unga wake wanauacha unachacha siku kadhaa mbele ya kupika. Juu yake wanamwanga shiro, ni kusema muchuzi muzito wa unga ya dengu, ao kuku na pilipili, ao majani. Sinia moja, watu watatu ao wane, mukono wa kuume, kila mutu anakula upande wake. Hakuna kanya. Mutu anayekula akikuona unapita, anakuambia "enibla", ni kusema tukule, sawa vile siye tunasema "karibu". Mwenye kukuheshimu anakunja kipande, anakutia mu kinywa na mukono wake. Hiyo ni gursha. Ukikataa, unamuumiza.

Kisha kuko kahawa. Wanaikaanga mbele yako, wanaitwanga, wanaipika mu chungu cha udongo. Wanakunywa mara tatu: abol, tona, na ya mwisho baraka. Ndiyo, baraka, neno ile ile yetu. Mutu wa haraka hafikie baraka.

Kwa ndugu atakayeenda peke yake: siku ya tatu na ya tano, Waortodoksi wanafunga nyama, mayai na maziwa. Omba sahani ya kufunga, mboga za namna mingi, bei haiumize. Sikilizana bei ya taksi mbele ya kupanda. Uliza saa vizuri, juu wanahesabu kama Waswahili wa pwani: saa moja ya asubuhi ni 7h00. Na kijana wa barabarani akikuita kwa "kahawa ya sikukuu" mu nyumba usiyojua, kataa, itakuwa fakture. Kaa fasi watumikaji wa kule wanakaa saa ya muchana. Pale hakuna mwenye kukudanganya, juu wote wana njaa sawa.

Mutu atasema: "Delege, unasifu watu wa kule, lakini hawakupigana?" Walipigana. Vita ya Tigray ilianza Novemba 2020, masikilizano ya Pretoria yalikuja Novemba 2022, na watu walikufa wengi sana. Sinia moja haizuie vita. Siye wa Kongo tunajua hiyo kuliko wote. Lakini sinia inafanya kazi ingine: inaonyesha nani anahesabiwa kuwa mutu. Mwenye kukula naye, ni vigumu kesho useme humujue.

Hapo ndipo ninafika kwetu. Wazee wetu mu kampi walikuwa wanakula bukari mu sahani moja, wa mugodi na wa atelier pamoja. Leo, mu migodi ingine, kuko refectoire ya wageni wa inje, kuko ya wenye kontra ya kampuni, na wale wa sous-traitance wanakula wamesimama pembeni ya camion, mampa na maji ya sachet, dakika kumi. Wote wanavaa kofia ileile, wanapumua vumbi ileile. Jiwe likianguka halichague kontra. Kwa nini sahani ichague?

Na musifikiri ni jambo ya tumbo tu. Watu wasiokula pamoja hawasemezane. Wasiosemezana hawawezi kujua mwenzao analipwa ngapi, wala kwamba mashini imeharibika tangu juma mbili. Patron anayegawanya meza amegawanya sendika mbele yetu sisi wenyewe kujua.

Basi ninaomba wenzangu wa madelegasyo yote: tukirudia kwa convention collective, tusizungumuze mushahara na prime peke. Tuandike meza. Refectoire moja kwa watumikaji wote, wa kampuni na wa sous-traitance, Mukongomani na mugeni, na saa moja nzima ya kukula, si dakika kumi. Haiombe mashini wala ingénieur. Inaomba benchi, paa, na mayi ya kunawa mikono.

Na wewe unayepanda ndege juma lijalo, acha sardini kwenu.