UKURASA WA AFYA: Si Uzee, Ni Ugonjwa



Wengi wetu hapa Al-Suwaidi huwapokea wazazi wanaokuja Umra kutoka Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Mara husikika: “Bibi ameanza kuchanganyikiwa, ndiyo uzee.” Tuliepuke neno hilo. Maradhi ya usahaulifu huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyezungumza vyema juzi, na leo hajui yuko wapi, ama anasinzia mchana kutwa, huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake una chanzo.

Cha kwanza ni upungufu wa maji. Kiu hupungua kadiri umri unavyosonga, na joto la Riyadh wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40. Tusingoje aombe, tumpe kidogo kidogo, isipokuwa daktari amemwekea kiasi kwa sababu ya moyo au figo.

Cha pili ni maambukizo ya mkojo au mapafu. Mzee huweza kuugua bila homa wala kikohozi, dalili ikawa ni kuchanganyikiwa tu.

Cha tatu ni dawa. Figo za mzee husafisha dawa polepole, na vidonge vya mafua na usingizi huweza kumvuruga akili. Mwaka 1991 Dakta Mark Beers wa Marekani na wenzake walitoa orodha ya dawa zisizowafaa wazee. Orodha hiyo ingali ikisahihishwa, na dawa za mafua za jamii ya Piriton zimo. Mwenye kisukari naye, sukari ikishuka, huchanganyikiwa vilevile.

Basi tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na dawa zake zote katika mfuko mmoja, zikiwamo za miti shamba. Daktari asiyejua Kiswahili hawezi kuipima akili ya mzee wetu kwa mazungumzo. Huenda akadhani ndivyo alivyo siku zote. Sisi ndio mashahidi. Tumwambie waziwazi: “Hakuwa hivi, amebadilika tangu juzi.”

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, tusingoje hata saa moja: tupige 997, Hilali Nyekundu. Kwa ushauri, Wizara ya Afya hupatikana kwa 937.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya. Tukutane toleo lijalo, inshaallah.